Kidole Chake, Sauti ya Nani

"Kidole ni changu," Naserian alisema. "Sitakudanganya. Lakini hiyo sauti si yangu."

Sajini Mwongeli alisimamisha rekodi kwenye simu. Alikuwa amekalia jerikeni iliyopinduliwa mbele ya nyumba ya mabati huko Isinya, daftari likiwa gotini. Miaka tisa ya upelelezi Kitengela ilikuwa imemfundisha kutoamini machozi, na huyu mama hakuwa akilia hata kidogo. Hilo lilimfanya amwangalie mara mbili.

"Wote husema si mimi, yeyo, mama. Hata mwizi akishikwa na mbuzi begani husema si yeye."

"Basi usiandike hivyo. Andika kidole ni changu."

Kesi yenyewe ilikuwa na siku tatu tu. Naserian ni mjane. Mumewe alimwachia ekari arobaini, na juu ya hizo ekari anaishi yeye, ng'ombe wake na binti yake Kakenya aliye kidato cha pili. Wiki iliyopita vijana wawili walikuja na fito nyekundu wakaanza kupima. Alipowauliza wanapima nini, mmoja akamwambia bila hata kuvua kofia: mama, shamba ilishauzwa.

Ilikuwa kweli kwamba karatasi zipo. Ilikuwapo hati ya kukubali kuuza yenye alama ya kidole gumba. Na kwa sababu mama hajui kusoma, na hati ilisema hawezi kutembea kwa ugonjwa wa miguu, wakili wa mnunuzi, Oscar, aliambatisha sauti iliyorekodiwa, mama akikubali kwa mdomo wake. Bodi ya ardhi ilisikiliza, ikaridhika, ikapitisha. Kilichobaki ni kuandikisha jina la mnunuzi kule Kajiado, Ijumaa. Leo ni Jumatano. Jina likishaingia kwenye rejista, kulitoa ni kazi ya mahakama, na mahakama inaweza kuchukua miaka sita, saba. Ng'ombe watalishwa wapi hiyo miaka yote?

"Hicho kidole ulikiweka lini?"

"Mwezi wa nne. Wakili Oscar alikuja pale kanisani na maneno ya kisima. Akasema kila mwenye anataka maji aweke kidole. Tulipanga laini. Mimi nilibonyeza mara tatu."

"Karatasi tatu za kisima kimoja?"

"Ndiyo. Ya tatu sikuiangalia. Kulikuwa na jua, na mwenye alikuwa nyuma yangu alikuwa ananisukuma."

Hapo ndipo watu wengi huliwa, si usiku na panga, bali mchana kwenye laini, wakisukumwa na jirani yao anayetaka maji. Mwongeli aliandika: *karatasi ya tatu*. Kisha akabonyeza simu sauti ianze upya, polepole.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya msichana wa ofisi, akiuliza kwa Kiswahili. *Mama, jina lako?* Mwanamke akajibu, sauti yake imezibwa kidogo: *Naserian.* *Bwana yako alikuwa anaitwa nani?* *Lemashon. Lemashon ndiye aliniachia hii shamba.* *Imepakana na nani?* *Chini ni barabara. Juu ni kanisa. Upande wa jua likitoka ni ya mzee… ni ya mzee jirani.* *Jina lake?* Kimya. Mtu akasogeza kiti. *Mzee jirani,* mwanamke akarudia. *Sawa. Umekubali kuuza?* *Nimekubali.*

Naserian alikuwa ameinamisha kichwa. "Umesikia vile anaita jina la mzee wangu? Mara mbili. Kama mtu anaita kuku."

"Si ndiyo jina lake?"

"Ndiyo lake. Lakini mimi nimeolewa miaka ishirini na mbili, na hilo jina halijawahi kutoka kwa hii mdomo. Kwetu bibi haiti bwana yake jina. Mimi huita Menye Kakenya, baba ya Kakenya. Hata daktari akiniuliza, mtoto ndiye anajibu. Jina la bwana na jina la baba ya bwana, hayo mawili unayaacha kwa mlango siku unaolewa."

"Hata akishakufa?"

"Sasa akikufa ndiyo nimkosee heshima?"

Mwongeli aliacha kuandika. Yeye ni Mkamba wa Kitengela, amekulia katikati ya Wamaasai, amekula kwao na kulia kwenye matanga yao, lakini jambo hilo hakuwahi kulitilia maanani. Alifikiri kidogo, akauliza swali lingine, kwa sauti ya mtu asiyetaka chochote.

"Na huyo jirani wa upande wa jua, ni nani?"

"Kuntai."

"Umesema haraka."

"Mbona niogope? Kuntai si mkwe wangu. Alinunua hapo zamani akaweka waya, akarudi Magadi kwa kazi ya kampuni. Sijawahi kumuona. Lakini jina ni Kuntai, kila mtu anajua."

"Huyu mwanamke wa simu hajui."

Naserian alimtazama kama mtu anayemhurumia. "Anajua, sajini. Mtu asiyejua hunyamaza hivyo?"

*

Inspekta Wanjala, mkuu wa ofisi, alisikiliza yote akiwa amesimama dirishani, amempa Mwongeli mgongo.

"Kwa hivyo nimwandikie msajili wa ardhi barua, azuie kazi ya wakili, kwa sababu mama mmoja hapendi kutaja jina."

"Afande, si hapendi. Hawezi."

"Kotini ataulizwa, na atasema amebadilika. Watu wanabadilika. Bibi yangu mwenyewe alikuwa ananiita mheshimiwa." Akageuka. "Wakili Oscar alinipigia asubuhi. Hakunitisha. Aliniuliza tu afya. Unajua maana yake, mtu anayetafuta kiti cha bunge akikuuliza afya?"

"Najua, afande."

"Basi niletee kitu. Nani alishuhudia hiyo hati?"

"Shemeji ya mama. Kasaine."

"Na unatafuta mbali?"

Mwongeli alikuwa ameshamfikiria. Kasaine, ndugu ya marehemu, ndiye aliyekuwa akisema kila mahali kwamba mwanamke hana haja na ekari arobaini. Alimkuta karibu na kichinjio cha Kitengela, ameshika fimbo, akimwangalia fahali wa mtu mwingine akishushwa kwenye lori. Alipoona kitambulisho cha polisi alianza kukohoa.

"Sahihi ni yako?"

"Ni yangu. Lakini ilikuwa ya kamati."

"Kamati gani?"

"Ya kisima. Wakili alisema mimi ni mwenyekiti. Alinipa beji." Aliingiza mkono mfukoni akaitoa kweli, kipande cha plastiki chenye jina lake. "Mwenyekiti lazima asaini."

"Ulisoma?"

"Mwenyekiti anasoma nini? Anasaini."

Mwongeli hakucheka. Mtu mjinga na mtu mwerevu anayejifanya mjinga huvaa beji ile ile. Alimwambia ampeleke kwake, na Kasaine akampeleka bila mabishano, jambo ambalo pia halikumfurahisha. Mke wake alikuwa akikaanga chapati kwenye kibanda. Anaitwa Mwihaki, ameolewa miezi mitano, ametoka Limuru.

"Sema jina la marehemu shemeji yako," Mwongeli alimwambia.

"Nani, Lemashon?" Mwihaki akalitamka kwa lafudhi nzito ya kwao, kila silabi ikipanda mlima. "Sikumkuta. Kwani amefanya nini na amekufa?"

"Unaongea Kimaasai?"

"Mimi? Hata salamu nikijaribu wananicheka mpaka wanakaa chini. Muulize huyu."

Mwanamke wa kwenye simu alitaja jina la marehemu kwa ulimi uliozaliwa nalo. Huyu hakuwa yeye. Mwongeli alinunua chapati mbili, akala moja akitembea, na kwenye daftari akachora mstari mmoja juu ya jina la Kasaine. Mmoja tu. Wa pili angeuchora baadaye, akijiridhisha.

*

Ofisi ya Wakili Oscar Ledama iko ghorofa ya tatu, juu ya duka la dawa za mifugo, na lifti hakuna. Mwongeli alihesabu ngazi akipanda. Hamsini na nne.

Wakili mwenyewe alimpokea kwa mikono miwili. Mtu mrefu, mpole, suti ya kijivu, na mezani kwake rundo la vijitabu vyenye picha yake kwenye jalada: *Maisha na Safari ya Wakili Oscar Ledama*. Alichukua kimoja, akatia sahihi bila kuombwa.

"Usome, sajini. Wananchi wanafaa kujua mtu wanayemchagua ametoka wapi."

Ukutani, mahali ambapo wengine hutundika picha ya familia, palikuwa na mchoro wa mzungu mwenye nywele ndefu nyeupe.

"Ni ndugu?" Mwongeli aliuliza.

Oscar alicheka vizuri, kicheko cha jukwaani. "Huyo ni wakili wa Amerika ya zamani sana, wakati nchi yao bado changa. Hakusoma chuo. Alianza kama karani, ananakili hati za mkubwa wake mpaka vidole vinauma. Halafu akawa anapanda farasi mji hadi mji, anafuata mahakama. Watu wakamjua, wakamtuma bungeni. Mimi pia nilianza kunakili hati, Nairobi, kwa wakili mzee. Miaka minne. Halafu nikawa mjumbe wa kaunti. Sasa nataka bunge. Ni njia moja."

"Na yeye alichukua watu vidole kanisani?"

Tabasamu halikutoka, ila lilisimama. "Orodha ya kisima ni kitu tofauti, sajini. Changanya maji na ardhi, utapata matope."

"Naserian alikuja hapa mwenyewe?"

"Alikaa kwa hicho kiti. Tarehe kumi na nne. Tulimsomea kila kitu."

"Hati inasema hawezi kutembea."

"Ndiyo."

"Nimehesabu ngazi hamsini na nne."

"Alibebwa na vijana wangu wa kampeni." Alijibu upesi, bila kupepesa. "Mama mzito kidogo. Walilalamika."

Naserian ni mwembamba kama ufito. Mwongeli aliandika kwenye daftari: *mzito*.

"Hawa watu wetu," Oscar aliendelea kwa upole, "wakishauza wanajuta. Mtu anaona fito nyekundu ndipo anakumbuka anapenda shamba. Mimi nawaelewa, nimezaliwa kwao. Lakini sheria haiwezi kuwa inalia na kila mjane."

"Kampuni iliyonunua ni ya nani?"

"Hiyo ni siri ya mteja." Akasimama. "Ijumaa tutamaliza, na wewe utapata nafasi ya kushughulika na wezi wa ng'ombe."

Karani wake, msichana anayeitwa Phylis, ndiye aliyemsindikiza hadi kwenye ngazi. Alipofungua kinywa kusema kwaheri, Mwongeli aliijua sauti. Ndiyo iliyokuwa ikiuliza maswali kwenye simu.

"Wewe ndiye ulimhoji yule mama."

"Mimi nilisoma maswali tu, madam. Niko na miezi mitatu hapa. Nilipewa karatasi nisome."

"Uso wake ulikuwaje?"

"Sikuuona. Alikuwa na maski, na shuka imekuja mpaka hapa." Akagusa nyusi. "Wakili alisema ni kifua."

"Kifua, si miguu?"

Phylis aliangalia mlango nyuma yake. "Miguu ilikuwa sawa. Alipanda hizi ngazi peke yake. Mimi ndiye nilimfungulia."

Kisha akarudi ndani haraka, na Mwongeli akabaki ameshika ukingo wa ngazi. Maneno hayo msichana hangeyarudia mbele ya mtu yeyote, na kwa mshahara wake ni nani angemlaumu?

*

Alhamisi asubuhi Mwongeli alikuwa wa kwanza kwenye dirisha la ofisi ya ardhi Kajiado. Hakuomba faili la Naserian, hilo alikuwa ameshalisoma. Aliomba la shamba la upande wa jua linakotoka. Karani akauliza kwa nini, Mwongeli akamwonyesha kitambulisho, karani akaenda. Alikaa huko dakika arobaini.

Mwenye shamba: Kuntai Ledama, S.L.P. Magadi.

Alilisoma jina la pili mara mbili. Kisha akatoka, akakaa kwenye ukuta mfupi nje penye kivuli, akafungua kile kijitabu alichotiliwa sahihi. Jana alikuwa amekitupa kwenye mkoba kama karatasi ya kufungia nyama. Sasa alikisoma neno kwa neno, maana mtu anayejisifu huwa hachungi anachosema.

Ukurasa wa pili: *Wakili Oscar alizaliwa Magadi, katika nyumba za kampuni, chumba kimoja, joto la kuchemsha maji. Baba yake, Mzee Kuntai, alifanya kazi ya magadi miaka thelathini na mmoja ili mwanawe wa kiume wa pekee asome.*

Mwanawe wa kiume wa pekee.

Ukurasa wa tano: karani wa wakili Nairobi. Ukurasa wa nane: mjumbe wa kaunti, barabara mbili, zahanati moja. Ukurasa wa kumi na moja kulikuwa na picha ya harusi. *Mke wake, Mwalimu Nailantei, binti wa Isinya, ndiye nguzo yake.*

Mwongeli alichukua kalamu, akaandika kama mtoto wa shule anayefanya hesabu, hatua moja chini ya nyingine. Mwanamke wa kwenye simu anataja Lemashon bila woga, kwa hivyo si mke wa Lemashon. Anaijua mipaka, kwa hivyo ni mtu wa Isinya. Analijua jina la Kuntai na hawezi kulitamka, hata akiwa anaigiza, hata akiulizwa mara mbili. Anayekatazwa jina hilo ni mke wa Kuntai na wake za wanawe. Mke wa Kuntai, kwa kijitabu hicho hicho, alifariki Oscar akiwa darasa la saba. Mwana ni mmoja. Mke wa huyo mwana ni mmoja.

Oscar alisikia ile rekodi, pengine mara kumi. Hakugutuka. Angegutuka vipi? Tangu aoe hajawahi kumsikia mke wake akilitaja jina la baba yake. Kwake kimya kile ni kama ukuta wa nyumba yao.

*

Nailantei alifungua geti mwenyewe. Ni nyumba nzuri ya mawe, mtaa wenye lami, Kitengela hii hii. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kitambaa kichwani, vitabu vya wanafunzi vimejaa mezani na kalamu nyekundu juu yake.

"Takwenya," Mwongeli alimsalimu.

"Iko. Wakili hayuko."

"Nimekuja kwako, mwalimu. Nataka unisaidie kusoma ramani. Mimi na ramani hatuelewani."

Alitandaza karatasi juu ya vitabu kabla hajakatazwa. Akaweka kidole kwenye barabara. "Hii najua." Akakisogeza. "Hili ni kanisa. Na hiki kipande huku, upande wa jua linakotoka, ni cha nani?"

Nailantei aliinama. "Hiyo ni ya mzee."

"Mzee nani?"

"Ya mzee tu."

"Niandike nani?"

"Andika mzee wa Magadi. Watu wa ofisi wako na jina."

Mwongeli hakuuliza tena. Alitoa simu, akaiweka juu ya ramani, akabonyeza. *Upande wa jua likitoka ni ya mzee… ni ya mzee jirani. Jina lake?* Na kile kimya. Kiti kikasogezwa.

"Zima," Nailantei akasema.

Mwongeli akazima. Nje mtu alikuwa akiosha gari, maji yakipiga bati.

"Aliniambia mama ameshakubali," Nailantei alisema hatimaye. "Ameshaweka kidole. Ni mgonjwa tu, na bodi inataka sauti. Akasema nimsaidie mwanamke mwenzangu asisumbuke na safari."

"Mtu anayesaidia mwenzake hajifuniki uso."

Nailantei alichukua ile kalamu nyekundu, akaifunika kifuniko, akaifunua.

"Mwalimu, mimi sikujui," Mwongeli alisema. "Pengine unanidanganya hata sasa. Lakini kesho saa saba mchana, rejista ikishaandikwa, huyo mama hatakuwa na mahali pa kulaza ng'ombe, na mdomo uliofanya hivyo ni wako. Sheria ikianza kutafuta, itaanzia kwako. Wakili atasema alidanganywa kama wengine. Atasema mwanamke alikuja na maski, yeye angejuaje?"

"Hawezi kusema hivyo."

"Nimekaa naye jana. Kila nikiuliza, jibu lilikuwa limeshaiva."

Nailantei aliiweka kalamu chini. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Nilijua. Andika hivyo. Nilijua tangu aliponiambia nisivae viatu vyangu vya kawaida." Akasukuma ramani kando. "Akishinda kiti, nani atanisikia? Akishindwa, nani atakaa na hasira zake? Nilihesabu hivyo nikaona ni afadhali nikubali. Niko na watoto wawili."

"Wako wapi?"

"Kwa mama yangu. Niliwapeleka asubuhi, Phylis aliponipigia akasema umepanda ngazi ukihesabu. Yeye anaijua sauti yangu."

Mwongeli alimtazama upya. Huyu mwanamke alikuwa amejua kwamba atakuja, na bado alimfungulia geti. Hilo hakuliuliza. Alitoa fomu ya taarifa, akaisogeza mezani. Nailantei aliisoma yote, mbele na nyuma, akairudia, akasahihisha neno moja kwa kalamu nyekundu, halafu akaandika.

Saa kumi na nusu Inspekta Wanjala aliisoma ile taarifa akiwa amesimama. Alipofika mwisho, akakaa. Akaomba muhuri.

"Nitaulizwa afya tena," alisema, akatia sahihi barua ya msajili.

*

Ijumaa, Kajiado. Barua ya polisi ilikuwa dirishani tangu saa tatu, lakini barua peke yake haitoshi kufunga rejista. Mwenye shamba lazima mwenyewe ajaze fomu ya kizuizi, aeleze dai lake, aweke sahihi. Asiyejua kuandika huweka kidole.

Karani aliweka fomu, akafungua kidau cha wino.

Naserian aliangalia wino. Kisha akaingiza mikono yote miwili ndani ya shuka.

"Hapana," alisema.

"Yeyo," Mwongeli akasema, "hii ndiyo ya kuokoa shamba."

"Na ile ilikuwa ya kisima."

"Nimekusomea mara mbili."

"Umesoma vizuri. Hata Wakili alisoma vizuri." Hakuwa na hasira. Alikuwa akisema vile mambo yalivyo. "Wewe ni mtu wa serikali. Yeye anataka kuwa mtu wa serikali. Mimi nitajuaje?"

Karani alitazama saa ukutani. Saa sita na dakika ishirini. Ndani, nyuma ya dirisha la tatu, kijana wa ofisi ya Oscar alikuwa ameketi na bahasha magotini, akisubiri kuitwa, na alikuwa ameanza kupiga simu akiwa ameziba mdomo kwa mkono.

"Tumwite Kakenya?" Mwongeli aliuliza.

"Kakenya yuko shule. Mpaka afike ni saa kumi."

Hapo Naserian akageuka, akamwangalia mwanamke aliyekuwa amesimama peke yake karibu na mlango tangu asubuhi, kitambaa kichwani, mkoba kifuani, akiogopa kuingia na akiogopa kutoka. Hawakuwa wamesemezana, ingawa Mwongeli alikuwa ameshamwambia Naserian huyo ni nani.

"Wewe," Naserian alisema. "Kuja."

Nailantei akaja.

"Wewe ndiye uliongea badala yangu. Soma hii, nisikie."

"Mama, mimi…"

"Soma kwa Kimaasai. Kwa sauti. Hapa mbele ya watu. Na usivae kitu kwa mdomo."

Nailantei aliichukua fomu. Akainyoosha mbele yake kama mwalimu darasa likishanyamaza. Akaisoma kuanzia juu: jina, namba ya shamba, ekari arobaini, kwamba mwenye shamba hakuuza, hakukubali kuuza, na mtu yeyote asiandikishwe hapo mpaka jambo liamuliwe. Watu kwenye foleni waliacha kuzungumza. Mzee mmoja alivua kofia ili asikie vizuri. Naserian alifumba macho, akasikiliza ile sauti yote, mahali ilipopanda na mahali ilipozama, kama mtu anayekagua kamba kabla ya kumfunga ndama.

"Rudia hapo penye hakukubali."

Nailantei akarudia.

"Tena."

Akarudia.

Naserian alitoa mkono, akachovya kidole mwenyewe kabla karani hajamshika, akabonyeza mara moja. Akaiangalia ile alama mpaka ikakauka. Karani akagonga muhuri, akaingiza fomu ndani, na baada ya dakika kumi kijana wa bahasha akaitwa dirishani, akaambiwa kitu, akarudisha bahasha mkobani na kutoka nje mbio, simu sikioni.

Mwongeli alikuwa akipanga karatasi zake. Kazi ilikuwa bado nyingi: kampuni haijulikani ni ya nani, Oscar hajakamatwa, Phylis bado ana bosi. Nyuma yake aliwasikia wale wanawake wawili wamesimama, wala hawaangaliani.

"Ameshajua kuwa uko hapa?" Naserian aliuliza.

"Amejua sasa hivi."

"Utalala wapi leo?"

"Sijui."

Naserian alijifunga shuka upya begani. Alichukua muda mrefu kufunga lile fundo.

"Kwangu kuna kitanda cha Kakenya," alisema. "Utalala hapo. Lakini hiyo simu yako utamwachia sajini, Wakili asikufuate nayo."

Nailantei alifungua mkoba, akamkabidhi Mwongeli simu, na wakatoka pamoja, mmoja mbele, mwingine hatua mbili nyuma.